Tumejua Kuhutubia, Sasa Tujifunze Kujibu

Kamati ya klabu yetu imetangaza kwamba mashindano ya hotuba ya mwaka huu yatakuwa na mada ya usemaji wa Wagiriki wa kale na siasa za leo. Sisi tunaoandika makala haya ni wanafunzi ambao Kiswahili tulikikuta nyumbani kabla ya kukikuta darasani, na mada hiyo tunaiunga mkono. Tunachokipinga ni jinsi mashindano yenyewe yanavyoendeshwa. Mshiriki hupewa dakika tano, huhutubia, hupigiwa makofi, hushuka. Waamuzi hutoa alama kwa matamshi, sauti na ishara za mikono. Hakuna anayeruhusiwa kumuuliza kitu, wala hakuna anayesimama kumpinga. Tukifanya hivyo kwa jina la Wagiriki, tutakuwa tumeokota ganda tukaacha kiini.

Hoja yetu ni moja. Usemaji wa kisiasa wa Wagiriki ulikua kwa sababu kila aliyesema alijua kwamba akiketi tu, mwingine atasimama kumjibu, na kwamba maneno yake yanaweza kumrudia siku yoyote. Siasa za leo, za hapa Uingereza na za kwetu Afrika Mashariki, zina wahutubu tele. Zinachopungukiwa ni majibu. Na sisi watoto wa Kiswahili cha London, Kiswahili cha kujibu ndicho hasa ambacho hatukurithishwa.

Mwamuzi au mtazamaji?

Katika kitabu chake cha balagha, Aristotle aligawa hotuba mafungu matatu. La kwanza ni hotuba ya shauri, inayotolewa mbele ya watu wanaotakiwa kuamua jambo la kesho: vita, kodi, mkataba. La pili ni hotuba ya mahakamani, inayohusu jambo la jana: nani alitenda nini. La tatu ni hotuba ya sifa, ya mazishini na kwenye sherehe, inayosifu au kulaumu. Alichokiona Aristotle ni kwamba tofauti iko pia kwa msikilizaji. Katika mafungu mawili ya kwanza, msikilizaji ni mwamuzi. Katika la tatu ni mtazamaji.

Sasa tufikirie video za kampeni tunazotumiwa na jamaa zetu kwenye WhatsApp. Kuna muziki, kuna fulana na kofia za chama, kuna msanii wa kutumbuiza. Mgombea anaahidi barabara, umati unaitikia kibwagizo. Kwa jina ni hotuba ya shauri, maana watu wataenda kupiga kura. Kwa umbo ni hotuba ya sifa, maana hakuna aliye na nafasi ya kuuliza barabara hiyo itagharimu kiasi gani na fedha zitatoka wapi. Mwamuzi amegeuzwa mtazamaji, na amepewa kofia ya kumzuia jua wakati anatazama.

Tulinganishe na Demosthenes. Mwaka 351 K.K. alisimama mbele ya raia wenzake wa Athens kuzungumzia Philip, mfalme wa Makedonia, aliyekuwa akijitwalia miji mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo tu. Alianza kwa kueleza kwa nini amethubutu kusema kabla ya waliomzidi umri: jambo hili limejadiliwa mara nyingi, wakubwa wamekwisha kutoa ushauri wao, na kama ushauri ule ungefaa, tusingekuwa tumekaa tena leo. Kisha akaja na hesabu. Alitaka askari wa miguu 2,000, wapanda farasi 200 na merikebu 10 ziendazo kasi. Akataja ni wangapi kati yao wawe raia wa Athens. Akapiga hesabu ya posho yao kwa mwaka, ikafika talanta 92 na ushei. Hotuba hiyo husifiwa kwa moto wake, lakini katikati yake kuna bajeti. Msemaji aliweka bajeti kwa sababu alijua wapinzani wake walikuwa wamekaa pale pale wakimsubiri.

Jibu moja lililookoa mji

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 427 K.K. Mji wa Mytilene, kwenye kisiwa cha Lesbos, ulikuwa umeasi dhidi ya Athens na ukashindwa. Kwa hasira, baraza la Athens likaamua wanaume wote wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa na amri hiyo. Kesho yake watu wakaanza kujuta, na baraza likaitishwa upya.

Mwanahistoria Thucydides ametuandikia hotuba mbili za siku hiyo. (Mwenyewe alikiri kwamba hotuba za kitabu chake aliziandika kwa jinsi alivyoona kuwa wasemaji walipaswa kusema, huku akijitahidi kushika maana ya yaliyosemwa.) Cleon alisimama kutetea amri ya jana. Aliwalaumu Waathens kwamba wamekuwa watazamaji wa hotuba, watu wanaokwenda barazani kustarehesha masikio. Lawama hiyo ingetufaa hata sisi leo, ila ilitoka kwa mtu ambaye alitaka mjadala ufungwe.

Akajibiwa na Diodotus. Huyu hakuomba huruma. Alisema swali la kuamua ni kama kuwaua watu wa Mytilene kutaifaa Athens. Mji unaoasi ukijua kwamba anayejisalimisha mapema na anayepigana hadi mwisho wote watauawa, ni mji gani tena utakaojisalimisha? Kura zilikaribiana sana, lakini Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikaondoka mbio, wapiga makasia wakila huku wanavuta, ikafika wakati amri ya kwanza imekwisha kusomwa lakini haijatekelezwa.

Hatusemi kwamba mjadala uliwafanya Waathens kuwa watakatifu. Watu zaidi kidogo ya 1,000 waliohesabiwa kuwa vinara wa uasi waliuawa hata hivyo. Tunasema kwamba watu wengine wote wa mji ule walipona kwa sababu palikuwa na siku ya pili na palikuwa na mtu wa kujibu.

Maneno yanayomrudia msemaji

Athens ilikuwa na kanuni nyingine ambayo hatuisikii sana darasani. Raia aliyependekeza azimio barazani aliweza kushtakiwa baadaye na raia mwingine yeyote, kwamba azimio lake lilivunja sheria. Hata baraza likiwa limelipitisha kwa shangwe, mpendekezaji hakuweza kujificha nyuma ya shangwe hizo. Na aliyeshtaki naye aliwekewa mpaka: akipata chini ya moja ya tano ya kura za mahakama, alitozwa faini. Hotuba mashuhuri ya Demosthenes ya mwaka 330 K.K., ile ya kutetea taji alilopendekezewa, ilitolewa katika kesi ya namna hiyo. Mpinzani wake Aeschines hakufikisha moja ya tano, akauhama mji. Mahakamani kila upande ulipimiwa muda kwa mtungi wa maji yanayochuruzika, na maji ya pande mbili yalikuwa sawa.

Hapa London tuna kisa cha karibu kinachofundisha jambo hilo hilo. Boris Johnson alisoma Kigiriki na Kilatini chuoni Oxford, na hakuficha kwamba shujaa wake ni Pericles, hadi akaweka sanamu yake ofisini. (Anayetaka kumwona Pericles aende British Museum, ipo sanamu ya marumaru ya kichwa chake, nakala ya Kirumi, na kuingia ni bure.) Johnson alijua kuhutubia. Alijua kuchekesha, kutua, kurusha msemo ukakaa kichwani. Lakini kilichoamua mwisho wake bungeni ni maneno aliyoyasema pale pale bungeni kuhusu mikusanyiko ya Downing Street wakati wa marufuku za Korona. Kamati ya Bunge ilichunguza maneno hayo, na Juni 2023 ikahitimisha kwamba aliwapotosha wabunge kwa makusudi. Alikuwa amejiuzulu ubunge siku chache kabla. Bunge likaikubali ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7. Alichukua kutoka kwa Wagiriki ile nusu ya kusema. Ile nusu ya kuulizwa ilimkuta yenyewe.

Tuongeze tahadhari hapa. Kumjibu msemaji na kumnyamazisha msemaji ni vitu viwili mbalimbali, na Athens haikuvitofautisha siku zote. Mwaka 399 K.K. mahakama yake ilimhukumu Socrates kifo, kwa kura, kwa utaratibu wote. Kwetu nako, Aprili 2025 Tundu Lissu alikamatwa Tanzania baada ya mkutano wa hadhara na kushtakiwa kwa uhaini kutokana na maneno aliyoyasema, na Juni mwaka huo akaamua kujitetea mwenyewe mahakamani. Kesi ni ya mahakama na hatuiamui hapa. Lakini kila mwenye kupenda Kiswahili cha hoja anajua kwamba mtu kusimama na kujitetea kwa ulimi wake mwenyewe ni hotuba ya mahakamani katika maana ile ile ya Aristotle. Na siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa nchini humo, wengi wetu hapa tulikaa tukitazama simu zisizojibu. Baraza ambalo upande mmoja umezimiwa sauti haliwezi kusemwa limeshauriana.

Mwalimu naye aliwasoma Wagiriki

Wapo wenzetu wanaosema: Wagiriki ni wa Wazungu, sisi tuna yetu. Tunawajibu kwa kumtaja mtu ambaye wao wenyewe humnukuu. Mwaka 1961, katika insha yake juu ya Mwafrika na demokrasia, Julius Nyerere alianzia kwa Wagiriki. Alisema kwamba kwao demokrasia ilikuwa na maana ya serikali kwa njia ya mazungumzo baina ya watu walio sawa. Hapo hapo akatia doa: usawa huo uliwaacha nje wanawake na watumwa. Kisha akasema Afrika ilikuwa na mazungumzo yake, ya wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Kwa Mwalimu, basi, kiini cha mambo kilikuwa ni kuzungumza na usawa, na hotuba nzuri ilikuwa chombo tu cha kufikia hapo.

Na wakati wake bora kama msemaji, kwa maoni yetu, si ule tunaoukariri kila mwaka. Tunakariri Novemba 2, 1978, alipowaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin vyote vipo. Ni Kiswahili kilichonyooka, na hatuna ugomvi nacho. Lakini siku hiyo nchi ilikuwa imekwisha kuvamiwa na uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa. Wasikilizaji walikuja kuambiwa.

Tabora, Januari 1958, ilikuwa tofauti. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura, aliyekwisha kupita masharti ya elimu au kipato, alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi wa mkutano mkuu wa TANU walifika wakiwa na hasira ya haki, wakitaka chama kisusie. Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia wengine viti vyote, na kwamba mlango mbovu ni mlango vilevile. Alikuwa mbele ya watu ambao wangeweza kumkatalia, na kwa muda ilionekana watamkatalia. Ilibidi awashawishi. Wajumbe wakapiga kura, wakakubali kushiriki, na uamuzi huo hadi leo unaitwa Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka TANU akaanzisha African National Congress, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere, akashindwa vibaya. Wengi wetu tulilisikia jina lake kwa mara ya kwanza tulipokuwa tunaandaa makala haya. Hilo peke yake linaeleza tatizo. Tunajua Demosthenes alibishana na Aeschines, kwa sababu hotuba za wote wawili katika kesi ile ya taji zimehifadhiwa na zinasomwa pamoja. Kwetu tumehifadhi sauti ya mshindi na tumepoteza ya aliyejibiwa. Ikifika 1965, katiba ya chama kimoja ilikuwa imefunga sehemu kubwa ya mlango wa kujibu. Ni kweli wapiga kura waliweza kuchagua kati ya wagombea wawili wa TANU jimboni, na mawaziri kadhaa waliangushwa. Lakini kwa urais, aliyekuwapo kwenye karatasi ni mmoja, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Mwalimu aliyeandika kwamba demokrasia ni mazungumzo ya walio sawa aliishia kuhutubia bila mpinzani wa kukaa naye meza moja. Tunamheshimu vya kutosha kuliandika hilo.

Kujibizana si kugeni

Wala mtu asituambie kwamba kupingana hadharani kumeletwa na merikebu. Pwani yetu ina baraza za mawe mbele ya nyumba, na kilichofanyika pale karne kwa karne ni mazungumzo. Ina malumbano ya washairi, mmoja akifunga fumbo na mwingine akilifungua kwa bahari ile ile ya shairi. Huko Lamu katikati ya miaka ya 1970, wakati wa uchaguzi wa ubunge, pande mbili zilijibizana kwa tungo za Kimondo, na watu wakazisikiliza kwenye kanda za kaseti. Mpinzani alilazimika kujibu kwa vina na mizani. Matusi matupu hayakutosha. Ukitaka kuona usemaji wa kisiasa wenye jibu ndani ya Kiswahili, huo hapo.

Na wa leo upo pia. Juni 2024 vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, baadhi yao walikaa wakaufafanua kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya, wakaweka video mtandaoni ili bibi wa kijijini ajue kodi gani inamgusa. Watu walipoteza maisha katika maandamano yale, na hatutaki kulipita jambo hilo kama mfano wa darasani. Rais Ruto alikataa kutia saini muswada Juni 26, na Julai 5 akaingia kwenye mazungumzo ya sauti kwenye mtandao wa X, vijana wakamuuliza maswali wenyewe. Unaweza kusema majibu yake hayakutosha. Wengi walisema hivyo, tena pale pale akisikia. Kwa saa chache, rais alikuwa msemaji aliyekaa akangoja zamu yake.

Kiswahili cha kuitika

Tufike nyumbani sasa. Kiswahili tulichorithi wengi wetu ni Kiswahili cha kuitika. Tunajua shikamoo, tunajua abee na naam, tunajua ndiyo mama, haya baba, samahani shangazi. Tunajua kutumwa dukani na kuomba radhi. Tunajua hata kuchekesha. Lakini wakubwa wanapoanza kubishana juu ya uchaguzi wa Nairobi au wa Dodoma baada ya chakula cha Jumapili, na sisi tuna la kusema, tunahamia Kiingereza. Hapo ndipo mambo huharibika. Maneno ambayo kwa Kiingereza ni ya kawaida kabisa, sebuleni kwetu husikika kama kiburi, kwa sababu Kiingereza hakibebi shikamoo ndani yake. Mjomba hasikii hoja, anasikia mtoto aliyekosa adabu. Na sisi tunatoka na imani kwamba wazee hawapingiki, kumbe tuliwapinga kwa lugha isiyo na mahali pa kuwekea heshima.

Kiswahili chenyewe kina zana. "Mzee, naomba nitie neno." "Mama, hapo naomba tutofautiane kidogo." "Nakubaliana nawe kwa la kwanza, la pili linanitatiza." Lugha ya bunge nayo imejaa: kutoa hoja, kuunga mkono hoja, kutoa taarifa, kuomba mwongozo wa Spika. Pana hata kichekesho ndani yake, kama wote tunaofuatilia Dodoma tujuavyo: mbunge anaibomoa bajeti kwa dakika kumi kisha anamalizia kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Hata hiyo ni balagha, na inafaa kuchambuliwa darasani.

Wapo watakaosema kwamba heshima itavunjika. Sisi tunaona kinyume chake. Demosthenes alianza kwa kuomba ruhusa ya waliomzidi umri, kisha akasema alilokuja kusema. Huo ni utaratibu ambao shangazi yeyote wa Tanga angeutambua.

Tunachopendekeza

Kwa hiyo tunaiomba kamati ibadilishe mambo matatu katika mashindano ya mwaka huu. Kwanza, kila msemaji apangiwe mjibuji, na wote wawili wapewe dakika sawa. Hatuna mtungi wa maji, ila simu zetu zina saa. Pili, kila hotuba iwe na pendekezo moja linaloweza kupigiwa kura, na kama linahitaji fedha, msemaji aseme zitatoka wapi. Tatu, wasikilizaji wapige kura kabla na baada, na ushindi uende kwa aliyewabadilisha watu wengi zaidi mawazo, hata kama ngeli zilimponyoka. Hilo la mwisho litawafaa sana wenzetu wanaojifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, ambao wana hoja nyingi kuliko alama wanazopewa.

Kwa walimu wetu tuna ombi dogo. Tunasoma ushairi, tunasoma riwaya, tunasoma sarufi, na tunashukuru. Tupeni wiki mbili za lugha ya kupingana: kumbukumbu za bunge, malumbano, mahojiano ya redioni. Mtupe alama kwa kujibu, si kwa kuwasilisha tu.

Na tunapendekeza hoja ya kwanza: kwamba Tanzania iruhusu uraia pacha. Kenya iliuruhusu kwa katiba ya 2010. Tanzania haijauruhusu kwa watu wazima, na mjadala wake umeelekea kwenye hadhi maalumu kwa walio ughaibuni. Katika chumba chetu cha mikutano wamo wanaoguswa moja kwa moja na sheria hiyo, na wamo wanaoamini kwa dhati kwamba mtu hawezi kuapa kwa nchi mbili. Tunajua, kwa sababu hata sisi tulioandika makala haya hatukukubaliana.

Waathens wana la kutuambia hapa pia. Mwaka 451 K.K. Pericles mwenyewe alipendekeza sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni raia. Miaka ikapita, tauni ikawaua wanawe wawili wa halali, akabaki na mwana aliyezaa na Aspasia, mwanamke wa Miletus, mwana ambaye kwa sheria ya baba yake hakuwa raia. Ilibidi Pericles aombe baraza limpe mtoto huyo uraia, na baraza likakubali. Katika mji huo huo aliishi Lysias, mwana wa mhamiaji, mmoja wa waandishi bora wa hotuba waliopata kuwako. Aliwaandikia wengine hotuba zao, lakini baraza lilipouliza nani anataka kusema, yeye hakuwa na haki ya kuinua mkono.

Sisi tuko tayari kusimama upande wa kuunga mkono uraia pacha. Tunamtafuta mwanaklabu, au mwalimu, wa kutujibu. Jina lipelekwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao.